Pilau ya Visiga

Saida, nimechoka. Lusajo kanunua lile gari la spoti bila kulikagua!

Mume wangu huyu huyu aliyekariri wiki nzima: aikute injini imepoa, aiwashe mwenyewe, achungulie uvunguni.

Tumefika Visiga, boneti inaunguza! Muuzaji kashaliwasha. Kabla hatujauliza, mkewe katuandalia pilau.

Tulipomaliza kula nikamkonyeza mume wangu, chungulia. Kaninong'oneza, "Nilale chini ya gari la mtu niliyekula kwake?"

Niliyekula kwake, Saida!

Leo asubuhi hapa Kisarawe limepoa, limegoma kuwaka. Nikamwambia mpigie muuzaji. Eti, "Nitampigiaje, na mkewe katufungia pilau ya watoto?"

Watoto ndio hao wanaila, wamekaa ndani ya gari.