Kovu Lisilokuwepo Kwenye Picha

Shoga, nimejifungia chooni hapa darasani.

Mwalimu wa kuchora katupa lile zoezi lake. Unaangalia picha ya mtu dakika moja, anaifunika, unachora uso kwa kumbukumbu.

Mimi na kiherehere changu nikamaliza wa kwanza. Akaja kuangalia, akaweka kidole kwenye mchoro wangu.

"Hili kovu juu ya jicho umelitoa wapi?"

Nikacheka, nikamwambia si lipo kwenye picha. Akaifunua. Shoga, HALIPO!

Kumbe ni mume wake wa zamani, picha ya ujanani. "Kovu nilimtia mimi kwa chupa, siku niliyomkimbia. Natumia picha yake ili macho mengi yamjue akija kunitafuta. Umemwona wapi?"

Umemwona wapi! Nikakimbilia huku.

Ni yule mpangaji mpya wa juu yetu. Yule mpole, uliyesema ananifaa. Mkono wangu umemtambua kabla yangu.

Jana alisifia michoro yangu, akauliza nafundishwa wapi.

Nikamwelekeza, shoga. Nikamwelekeza mpaka rangi ya mlango.