Ua la Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Amekuja saluni leo, mwanangu. Ni wa marehemu dada, lakini humu daftarini nani atanisahihisha? Siku kumi na mbili zimebaki. Nimempa masharti yale yale ninayompa bibi harusi yeyote. Kuanzia leo uso hauguswi na kitu kipya, hata akipewa bure. Viatu avivae ndani ya nyumba, na soksi, vizoee mguu. Nyusi tutazifanya Jumanne ijayo na si siku yenyewe, ili wekundu uwe umetoka. Na asubuhi ya harusi aje na shati la vifungo. Asiniletee fulana ya kuvulia kichwani nikishamaliza nywele, nitalia mimi.

Kasikiliza vizuri. Kisha akatoa picha kwenye mkoba. Ma'mdogo, nataka hivi.

Picha ya dada. Ile ile. Nywele zimenyooka, zinang'aa, zimefungwa nyuma, na maua meupe matatu upande wa kushoto yameshuka mpaka katikati ya sikio.

Nikamwambia, kwani mimi siijui? Si hiyo hapo ukutani nyuma yako. Si hiyo kwenye kibao nje. Akacheka, lakini ametia ngumu: anataka sawasawa na mama yake. Pasi ya nywele ya umeme hataki. Anataka chanuo la moto, la chuma la kupashwa jikoni, lile lenyewe lililomgusa mama. "Bado unalo, si ndiyo?"

Nikasema sijui liko wapi.

Liko droo ya chini, limeviringishwa kwenye taulo la kijani. Nalijua lilipo kama ninavyojua jina langu.

Jumatano, 5 Juni

Mchana wateja walipokwisha nikalitoa. Mpini umeungua upande mmoja. Nikalinusa kama mwendawazimu. Bado lina harufu ya yale mafuta ya kopo, na moshi kidogo. Nikarudi pale pale, jikoni kwa mama, asubuhi ya harusi ya dada.

Dada kakaa kwenye kigoda, kavaa shati la baba la vifungo, mikono imempita vidole. Redio inakoroma dirishani. Jiko limewaka. Mimi nina miaka kumi na tisa na najiona fundi. Enzi hizo tulisema kuchoma nywele, na kweli ilikuwa kuchoma. Sheria ilikuwa moja tu: anayechomwa anashika sikio lake, analikunja chini, haachii mpaka aambiwe. Shika sikio. Nadhani ndiyo maneno niliyomwambia dada mara nyingi kuliko yote.

Sijawahi kuandika hili. Acha leo niliandike.

Nilikuwa nalia. Anaondoka, mimi nabaki na kile chumba chetu cha vitanda viwili. Nalia kimya, niko nyuma yake, najua hanioni. Kumbe kioo kidogo alikuwa nacho mapajani. Kaniona. Akaachia sikio, akanyoosha mkono nyuma anifute machozi — na chanuo lilikuwa linashuka.

Juu ya sikio pakababuka. Na nywele za pale, kipande cha ukubwa wa kiberiti, zikabaki kwenye meno ya chanuo. Dada hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno tu. Mimi nikakaa chini sakafuni nikasema nimekuharibia, nimekuharibia. Akaniambia niinuke, nilete yale maua yaliyokuwa yakipamba meza, tufunike.

Ukumbini wanawake wakamzunguka. Hii nini, umeitoa wapi? Akasema, macho makavu kabisa: mtindo mpya, kaubuni mdogo wangu. Mwezi haujaisha, mabibi harusi wawili wamekaa jikoni kwa mama wanataka ua la kushoto. Mwaka uliofuata kumi na moja. Ndipo nikapata chumba, kiti, draya ya kukaushia nywele, kibao. Miaka ishirini na minane nakula kupitia sikio la dada yangu.

Tangu siku ile sijamshikia mtu chanuo la moto. Wateja nawaambia limepitwa na wakati.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji, mume wa dada, kapita kuuliza suti yake avae na tai gani. Mzee wa watu ana wasiwasi kuliko bibi harusi. Nimempunguza nyusi, hakutarajia, akakaa kama mtoto kwa daktari.

Kisha akaangalia picha ukutani. Akasema, dada yako alilipenda lile ua, wewe. Alilala nalo. Mpaka siku ya tatu likanyauka, nikamwambia mke wangu tupa majani hayo, akagoma. Akacheka peke yake, halafu akafuta miwani muda mrefu sana.

Kwa hiyo hata yeye hakuambiwa! Miaka tisa ya ndoa. Lile kovu alimwambia ni mvuke wa sufuria, mwenyewe kanisimulia leo. Sikupepesa. Nikamwambia tai ya kijivu.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya jaribio. Kaja na Brashi, yule binti wa kupamba uso aliyekodiwa na wifi zake. Tunamwita Brashi kwa sababu kazivaa kiunoni kwenye mkanda, ishirini nzima, utadhani fundi seremala. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ana mkono mwepesi, sina la kusema. Kampaka faundesheni ikapotea kwenye ngozi, shingo na uso kitu kimoja. Sisi enzi zetu tulitoka weupe usoni, weusi shingoni, na tulijiona malkia.

Mimi nikafanya nyusi, kisha nywele kwa pasi ya umeme. Nikamdanganya kwamba chanuo bado nalitafuta. Nikaweka maua.

"Si hapo. Ya mama yalikuwa chini zaidi."

Nikashusha. Bado. Akatoa simu, kaipiga picha ile, akaikuza kwa vidole. Ikakua, ikakua, mpaka dada akawa sikio tupu. Chini ya ua la tatu kuna kitu kinang'aa. Akaniuliza ni nini. Nikasema mafuta. Si uongo, yalikuwa mafuta ya kupaka palipoungua. Brashi akasema labda hereni. Wakaendelea.

Hapo ningeweza kupona. Lakini mwanangu akaanza kutusomea alichoandika cha kusema ukumbini. Wasimamizi wake wote wanne watavaa ua kushoto. Atawaambia wageni kwamba mama yake alikuwa na jicho la urembo. Gauni lilikuwa la kuazima, viatu vya binamu, ukumbi aliuchagua babu, hata wimbo wa kuingilia hakuuchagua yeye. "Hili ua ndicho kitu pekee ninachojua mama alikichagua mwenyewe."

Nikaenda nyuma kuosha mabeseni. Yalikuwa masafi.

Alikuwa na miaka minane dada alipotutoka. Nimemsuka kila Jumapili tangu hapo, nimempeleka shule, nimemnunulia sidiria ya kwanza tukaona aibu wote wawili. Akiniuliza habari za mama yake humwambia yale ya kuchekesha. Hili sijamwambia, kwa sababu nikilisema nabaki kuwa nani? Yule aliyemchoma mama yake siku ya harusi, kisha akafungua saluni.

Na nisiposema, atasimama Jumamosi mbele ya watu mia mbili asome uongo wangu, kavaa na ushahidi kichwani.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia.

Alikuja kwa kucha tu. Nilikuwa nimemshika mkono, rangi ya pili haijakauka, asingeweza kuondoka. Nadhani niliuchagua wakati huo makusudi, mwoga mimi. Nikamwambia yote. Kigoda, jiko, kioo cha mapajani, kipande cha nywele. Nikafungua droo nikamwekea taulo la kijani mezani.

Nilipomaliza akaangalia ukutani, kisha kibao nje kupitia dirishani, kisha chanuo. Akauliza baba anajua? Nikasema hajui. Akauliza, kwa hiyo hakulichagua? Nikasema yalikuwa maua ya mezani, mwanangu.

Akainuka kucha mbichi. Kaharibu rangi ya kidole gumba kwenye kitasa. Viatu vya harusi kaviacha chini ya kiti, na soksi zake ndani.

Sijafanya kitu tangu saa nane. Mteja wa kusuka kaja nikamwambia umeme umekatika, na taa inawaka juu ya kichwa changu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempigia mara moja tu, sitaki kumpanda kichwani. Haikupokelewa.

Brashi kaniandikia ujumbe: Mama, kesho tunaanzia kwako au wifi walete mtu wa nywele nyumbani? Bibi harusi hajibu. Nikamjibu: sijui. Nimekaa nikaliangalia hilo neno. Harusi zote hizi nilizozipamba, hakuna iliyowahi kunifanya niandike sijui.

Nimepiga pasi shela yake hata hivyo, ilikuwa hapa. Nimeitundika kwenye mlango. Nimevisugua viatu. Namkumbuka dada asubuhi ile kabla ya yote, anakunywa chai kasimama, asikunje gauni ambalo hata hajalivaa. Nilimwambia kaa, bado uko na shati la baba. Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Miaka yote hii nikikumbuka ile siku huanzia kwenye chanuo. Nilikuwa nimeisahau hiyo chai.

Nimemmisi dada leo kuliko siku ya mazishi. Siku ile nilikuwa na watu wa kuwapikia.

Nataka aje. Basi. Hata kama ni kuchukua viatu.

Jumamosi, 15 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimefagia mara mbili. Miadi ilikuwa saa kumi na mbili.

Saa kumi na mbili na nusu. Brashi kafika, kapanga brashi zake zote, haulizi kitu. Binti ana adabu. Nimempa chai. Kila gari likipunguza mwendo tunaangalia mlango wote wawili, tunajifanya hatuangalii.

Saa moja kasoro. Kaja.

Kaja peke yake, kwa miguu, kichwa kakifunga kitambaa. Kavaa shati la shemeji, jeupe, la vifungo, mikono imempita vidole. Nikashika kiti. Nadhani masharti ya Jumatatu kayafuata tu, yeye wala hajui, hilo la shati la baba nadhani Alhamisi sikulitaja. Au nililitaja. Sikumbuki nilichosema na nilichokiacha.

Mkononi ana maua matatu meupe kwenye gazeti bichi. Kayaweka mezani. Hakusema ya upande gani. Hakusema ya kazi gani.

Akakaa. Akafungua kitambaa. Nywele kaziosha mwenyewe jana, zimekauka vizuri, hazina kitu. Tukaangaliana kwenye kioo kikubwa. Ana macho ya mtu aliyelia akamaliza.

Akasema hotuba kaichana. Anayo nyingine, fupi, hajaamua. Akasema ana swali moja tu, limemkaa tangu Alhamisi.

"Ule mkono wa mama. Ulifika? Aliwahi kukufuta, au aliungua kabla?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza. Nilisimama na chanuo langu la plastiki hewani. Nikarudi jikoni kwa mama, nikatafuta. Nikaupata: vidole vyake vina mafuta ya nywele, vimenipita shavuni mpaka kwenye pua, vikaniachia alama ya mafuta iliyokuwepo bado kwenye picha za ukumbini. Na alipomaliza kunifuta ndipo alipovuta ile pumzi.

Nikasema ulifika. Aliungua kwanza, akanifuta hivyo hivyo.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji kamili. Brashi kageukia dirishani, anasafisha brashi iliyo safi. Mwanangu akasema basi, Ma'mdogo, washa jiko.

Nimewasha. Chanuo liko juu yake. Nililijaribu kwenye karatasi, bado. Ndiyo maana naandika, mikono ipate kazi. Maua yako mezani karibu na viatu, Brashi kayanyunyizia maji.

Sikio tayari kalishika. La kushoto. Kalikunja chini kwa vidole viwili, sijamfundisha mimi, ile kucha ya gumba bado ina kovu la kitasa. Nimemwambia achia kwanza, moto bado, utachoka mkono. Anasema hachoki.

Nimejaribu karatasi tena. Imegeuka rangi.

Ananiambia niweke kalamu chini. Anasema yeye haachii, hata nikilia.