Kabla Hujachomwa Sindano za Mgongo

Mjukuu wangu Tuli,

Hujambo huko Uchina? Huku Madibira mama yako mzima, mpunga umeanza kuchanua. Umenizidi miaka mitatu, ila kiukoo mimi ndiye babu yako, basi nakujibu kibabu.

Unauliza ujiandaeje kwa zile sindano za Kichina za kutibu mgongo, maana unaogopa.

Mimi mgongo ulinikamata tukipandikiza mpunga. Nikaenda kwa bibi mmoja wa kabila la Wasangu, anaumika: anabandika pembe ya ng'ombe mgongoni ivute maumivu. Kwa aibu zangu nikaoga, nikajipaka mafuta mgongo mzima. Pembe ikawa inateleza tu. Bibi akacheka, "We kijana, umekuja kutibiwa au kuposa?"

Akanifuta. Akaniuliza panauma wapi, nikashindwa kusema. Akapitisha vidole taratibu, halafu vikasimama palepale panapouma. Sikuwa nimemwambia mtu! Mwili ukanisisimka, hofu yote ikaisha. Mpaka leo sijui alijuaje.

Basi usijipake mafuta, kula kidogo, vaa nguo pana. Wewe ukiulizwa, sema. Ila kabla tabibu wako hajachoma, sikiliza vidole vyake. Vikitafuta bila haraka namna ile, lala tu, mjukuu wangu.

Babu yako mdogo,
Ando