Mikono ya Gloire

Thornton Heath, London
Oktoba 2007

Dada yangu Laurette,

Sisi huku tuko wazima, ila baridi imeshaanza. Vitenge vyako vimefika, na kile cha kijani nimeshakishona.

Binti yetu Gloire amerudi Jumamosi. Anasema amecheza golfu msimu mzima, Ufaransa mpaka Uhispania, katika yale mashindano ya wasichana wanaotafuta nafasi ya kupanda kwa mabingwa. Nikampikia sombe; hata huku majani ya muhogo yanapatikana.

Lakini dada, wachezaji wa golfu huvaa glavu mkono mmoja tu. Kila mwaka Gloire alirudi mkono wa kulia umeungua na jua, wa kushoto mweupe kama wa mtu mwingine, nasi tukimcheka. Safari hii nilipommwagia maji anawe, nikaona mikono yote miwili ni rangi moja.

"Jua la Uhispania lilikuwaje?" nikamuuliza.

"Kali sana, mama." Akashusha mikono ya sweta mpaka kwenye vidole.

Mimi ndiye niliyemzaa, Laurette. Sijamuuliza zaidi, naogopa atanijibu.

Najua kanisani kwenu Bukavu mnamwombea kila Jumapili ashinde. Endeleeni kumwombea. Ila golfu msiitaje tena.

Mdogo wako,
Angélique