Ubao Mrefu Kutoka Bukavu

Observatory, Johannesburg
12 Machi 2017

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, Mama na mdogo wangu Sonia. Habari za Bukavu? Mguu wa Mama umepona? Mimi ni mzima, Mungu asifiwe. Pacifique, ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu ingawa hamjaonana. Najua masikio yako hayapendi simu, ndiyo maana naandika. Sonia akuonyeshe, kisha apige picha majibu yako na kunitumia kama kawaida.

Uliuliza ni udereva gani huu unaomrudisha mtu nyumbani na magoti yaliyovimba. Kampuni yetu, iliyo Randburg hapa hapa Johannesburg, hupeleka wageni kwenye milima ya Lesotho wakati wa baridi. Huko theluji inaanguka kweli, Baba, Afrika hii hii! Nawashusha asubuhi, nawasubiri hadi jioni. Sasa mtu atakaa akitazama usukani siku nzima? Nikaazima ubao wa theluji, nikajifunza. Unafunga miguu yote miwili juu yake, unasimama ubavu kama mtu anayepita mlango mwembamba, na mteremko unafanya kazi iliyobaki.

Msimu huu wanatafuta mwalimu wa kufundisha wageni. Nikifaulu mtihani, naacha usukani. Lakini ubao ninaoutumia ni mfupi, sentimita 152, na unanijua nilivyo, kilo tisini na tano. Mfupi unamfaa anayejifunza kwa sababu unageuka upesi. Nikienda kasi na kuulaza ili ukingo ukate theluji ngumu, unatetemeka na kuniponyoka. Theluji mpya ikianguka, ile laini kama unga wa muhogo, pua ya ubao inachimba chini nami naifuata kichwa mbele. Wenzangu wanasema mtu wa uzito wangu achukue mrefu, 158 au 163, tena mpana, maana viatu vyangu vinatokeza nje. Mrefu unashika kona na unaelea, ila ni mzito kugeuza na haumsamehe mzembe. Nimeshindwa kuamua. Wewe unazijua mbao. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Nafurahi kwamba tunaandikiana tena. Ile miaka miwili uliyoninyamazia nilipoiacha karakana yako ilinichosha sana.

Mtoto wako,
Elisée


Bukavu
20 Mei 2017

Mtoto wangu Elisée,

Amani iwe kwako. Tunaendelea vizuri. Mama yako anatembea, na anagomba, kwa hiyo amepona. Wewe unakula? Baridi ya huko imeanza? Usidhani nimekunyamazia tena. Nilikuwa kazini.

Mtoto anamwandikia baba yake seremala kwamba ubao wake ni mfupi, halafu anamalizia, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Wee! Huko ndiko mlikojifunza kuomba kwa kuzunguka? Nimekuelewa. Nimekutengenezea.

Ni libuyu, ule mti mwekundu uliokuwa ukiusafisha kwa msasa ukiwa mdogo. Nililiweka gogo lake mwaka ule ulioondoka, limekauka vizuri. Umesema 158 au 163. Mimi nimefanya mita mbili. Wewe ni mtu mkubwa, na kama urefu ndio dawa, kwa nini unywe nusu kikombe? Pua nimeikunja kwa mvuke. Ilivunjika mara mbili, ya tatu ikakubali. Ni mzito kidogo, inabidi watu wawili kuubeba, lakini mteremko utakusaidia. Denise, yule mfanyabiashara wa vitenge, anakuja huko na ameubeba.

Nilidhani hutaki tena kitu chochote kilichotoka mikononi mwangu. Siku niliyosoma barua yako niliimba kazini mpaka vijana wa karakana wakadhani nimelewa.

Baba yako


Observatory
9 Juni 2017

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na Sonia. Mmeamkaje? Mimi sina neno.

Ubao umefika! Denise ameuvusha mipaka yote. Kwenye mpaka mmoja walimuuliza ni kitu gani, akajibu ni benchi la kanisa, wakampisha kwa heshima. Jirani zangu wote wamekuja kuutazama. Pacifique ameupapasa, akasema, "Eish, kaka, huyu mzee ana mikono!" Ndiye aliyepiga picha hii ninayokutumia, mimi na ubao.

Wikiendi iliyopita tulipeleka wageni wa kwanza, nikaupanda. Baba, unakwenda vizuri sana. Umetulia, hautetemeki hata kidogo. Mtihani wa mwalimu nitaufanya juu yake.

Kesho napanda mlimani, na safari hii nitakaa huko huko hadi mwisho wa Julai. Simu haishiki kule, kwa hiyo msiwe na wasiwasi mkiona kimya. Asante, Baba. Asante sana.

Mtoto wako,
Elisée


Bukavu
28 Juni 2017

Elisée,

Salamu nitakupa siku nyingine. Acha kuupanda ule ubao.

Yule padri mzee Mwitaliano wa parokia yetu alikuja kuangalia viti vyake. Nikamwonyesha picha yako, najisifu. Kumbe yeye amezaliwa kwenye milima ya theluji. Kwanza alicheka. Nilipomwambia kwamba unaupanda, akaacha kucheka. Akaniuliza, "Bwana Placide, na chuma cha ukingoni kiko wapi?" Chuma gani? Akanieleza kwamba kila ubao wa theluji umezungushiwa chuma chembamba, na ndicho kinachokata kwenye barafu. Bila hicho, mtu hawezi kugeuka wala kusimama. Anakwenda tu mpaka akutane na jiwe. Na ubao wenyewe, alisema, huwa mwepesi, mtoto anaubeba kwapani.

Mimi nimekutumia mti mzito wa mita mbili usio na breki, nikakuambia mteremko utakusaidia! Nilifanya kwa mapenzi, lakini mapenzi hayamzuii mtu kugonga jiwe. Ubao huo ni kaburi. Uteremshe, uuchome, upikie ugali. Sitakasirika, naapa mbele ya Mama yako.

Sonia anapiga simu asubuhi na jioni. Haiiti.

Baba yako


Bukavu
16 Julai 2017

Mtoto wangu,

Barua ile hujaifungua, Sonia anaona kwenye simu. Roho yangu iko mkononi. Chakula hakipiti. Karakana nimewaachia vijana, maana kila nikishika randa naona ile pua niliyoikunja.

Mama yako anasema umesema mwenyewe kwamba simu haishiki. Mimi najua. Lakini ulisema pia kwamba mtihani utaufanya juu yake, na wewe tangu utoto ukisema jambo unalifanya.

Yeyote atakayeiona barua hii, amwambie Elisée asiupande.

Baba


Observatory
30 Julai 2017

Baba yangu,

Ni mimi, mzima, kichwa na miguu yote. Nimeshuka leo, simu imewaka, na barua zako zimeingia kwa pamoja. Nimezisoma kwenye maegesho, abiria wananiuliza kama nimefiwa. Nisamehe. Nisamehe sana. Mwambie na Mama.

Njia ya mwongo ni fupi, Baba, na yangu imeishia hapa. Sijawahi kuupanda ule ubao. Haujatoka Observatory hata siku moja. Nilipoufungua nilijua mara moja kwamba hauwezi kuteremka mlimani. Lakini ulikuwa umeandika kwamba uliimba. Nikakumbuka nilivyoiacha kazi yako na ukaninyamazia miaka miwili. Nikajisemea, nikimwambia tena kwamba kazi ya mikono yake hainifai, nitampoteza kabisa. Nikaona heri nikudanganye.

Uko chumbani kwetu, juu ya matofali manne. Asubuhi tunakunywa chai juu yake, na Jumapili Pacifique anapigia pasi mashati ya kanisani hapo hapo. Anasema hajawahi kuona meza isiyoyumba namna hii.

Mtihani niliufanya juu ya ubao wa 163, mpana, wenye chuma chake. Nilikuwa karibu kuchukua 158 kwa woga. Ni wewe uliyeniamulia, kwa lile neno lako la nusu kikombe. Asubuhi ya mtihani tulikuta theluji mpya hadi magotini. Wenye mbao fupi walikuwa wanazama, wanajichimbua, wanazama tena. Mimi niliegemea kidogo mguu wa nyuma, pua ikainuka, nikapita juu juu. Chini kwenye theluji ngumu niliulaza hadi glavu yangu ikagusa ardhi, na haukutetemeka. Ila kwenye kona za karibu karibu ulinitoa jasho, nilianguka mbele ya watahini.

Wamenichukua, Baba. Mimi ni mwalimu.

Niandikie, hata kama ni matusi. Usininyamazie tu.

Mtoto wako,
Elisée


Bukavu
31 Julai 2017

Mwanangu mpendwa, Mwalimu Elisée,

Salamu zote, na zile nilizokuwekea deni mwezi uliopita. Umeamkaje? Umelala? Umekula? Mwili wote upo? Sisi huku wazima, tena wazima kweli kweli.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Mama yako akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamjibu, "Alitudanganya." Akapiga vigelegele mpaka jirani wakatoka nje. Tangu nianze kuzaa sijawahi kushukuru Mungu kwa uongo wa mtoto wangu. Jana nimeshukuru. Kisha nimekula sahani mbili, nimelala kuanzia magharibi, na vijana wameniamsha kwa kugonga mlango.

Nilienda kumwambia padri kwamba mnapigia pasi juu ya ubao. Alicheka hadi akashika ukuta, nami nikacheka naye.

Sikiliza sasa. Siku nyingine nikikutengenezea kitu kibaya, niambie ni kibaya. Nitanuna, hiyo ni haki yangu. Nitanuna hadi jioni, kisha nitakuandikia. Miaka ile miwili nilikuwa na hasira nawe, nikadhani huo ndio mzigo mzito kuliko yote. Wiki hizi nimeona uzito wenyewe. Sitakunyamazia tena.

Hizo kona za karibu karibu zilizokuangusha, nieleze. Padri amenifundisha la kuuliza: ulianza kugeuza bega au goti?

Baba yako