Aliyeizunguka Proksi

Alhamisi, Mukuyuni. Jua kali, upepo wa vumbi, na moyo wangu haujatulia.

Siku hizi namshuku kila mtu.

Wiki iliyopita Mama Mbithe, muuza nyanya wa Zombe, alikuja hapa kliniki akilia. Majibu yake ya damu yalijulikana sokoni kabla hajamwambia hata mumewe. "Kyalo, majibu hayo mlikuwa nayo nyinyi peke yenu," akasema. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za kliniki hii na za tawi letu la Zombe.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nimeshaweka proksi mbele ya seva yenye faili za wagonjwa. Yeyote anayetaka faili anakutana na proksi kwanza. Ikimkubali, ndiyo inamchukulia kutoka seva ya ndani. Na inaandika kila aliyepita. Nikaangalia. Faili ya Mama Mbithe iliombwa na kompyuta moja tu: ya Mwende, pale mapokezi.

Mwende, ambaye tunakula muthokoi pamoja kila mchana.

Sikumuuliza. Nilianza tu kumchunguza: anaongea na nani kwa simu, mbona anacheka, mbona amenyamaza. Leo asubuhi akaja akasimama mbele ya meza yangu.

"Kyalo, kama unafikiria ni mimi, niambie kwa uso."

Nikamwambia nina kazi nyingi tu. Uongo.

Alipoondoka nilitoka nje, nikazima waifai, nikatumia bando za simu yangu kuandika anwani ya seva ya ndani moja kwa moja. Ilipaswa kunikataa.

Ikafunguka.

Njia hiyo niliifunga kwa mkono wangu. Mtu ameifungua tena. Kumbukumbu za seva yenyewe zikanionyesha nani: fundi aliyetuuzia mfumo. Ameingia mara nyingi bila kupitia proksi, na faili ya Mama Mbithe ameifungua. Kwao ni Zombe.

Nikampigia. "Ah, hiyo ni ya kurekebisha mambo tu, bro. Mbona una wasiwasi?" Nilipomtajia Mama Mbithe, akakata simu.

Nimefuta akaunti yake na kuifunga tena njia ile. Sasa seva inaijibu proksi peke yake. Mwingine yeyote, hata mimi, inamnyima. Daktari Mutiso, mkubwa wetu, ameripoti polisi, na amesema kila mgonjwa ambaye faili yake ilifunguliwa lazima aambiwe.

Jioni nilimwomba Mwende msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema, akachukua mkoba wake akaenda.

Sawa ya namna gani, sijui.

Nimeijaribu ile anwani tena na tena. Inakataa, na bado siamini.

Kesho mimi na Daktari tunaenda Zombe kumweleza Mama Mbithe ukweli. Seva nimeifunga, lakini nani atafunga midomo ya soko zima?