Gia ya Nne ya Baba Hironimus

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kile kiti chako cha mninga kibaki peke yake ukutani sebuleni, mgongo wake ukiwa umeng'aa pale ulipokuwa ukiushika kila asubuhi. Hakuna anayekikalia. Si kwamba tumekataza. Mgeni akikisogelea hututazama usoni, kisha huenda mwenyewe kwenye kochi.

Ulituaga Agosti 12, 1999, kwa homa ya siku tano tu. Ulisema hutaki kutusumbua, na hapo ulikosea, maana sisi tulikuwa tayari kusumbuka miaka. Mimi Leticia, mtoto wako wa kwanza, ndiye niliyekabidhiwa kalamu na wadogo zangu, kwa sababu eti nimerithi mdomo wako. Basi leo nitakusema, na wanaosoma wasikie.

Ulikuwa dereva wa lori la ushirika kwa miaka ishirini na sita. Mahindi ya Songea, korosho za Nalasi na Namasakata, na katikati barabara ya Tunduru, ambayo masika yakianza haikuwa barabara tena bali ugomvi. Mama Biasha wa Namasakata alikuja msibani kwako kwa basi, siku mbili njiani, akatueleza jambo ambalo wewe hukuwahi kulitaja. Mwaka 1987 ulimpakia akiwa katika uchungu wa uzazi, ukaliendesha lori zima la korosho taratibu kama limebeba mayai, hadi hospitali. "Alikuwa ananiambia, mama, wewe shikilia tu, mashimo niachie mimi," alisema huku analia. Mtoto yule sasa yuko darasa la sita.

Mashimo uliyoachiwa yalikukaa mgongoni. Goti la kushoto nalo likaliwa na klachi. Ushirika ulipopunguza wafanyakazi mwaka 1994, ulirudi nyumbani Bombambili umepinda, na kamba za viatu ulifungiwa na Mama. Daktari alikuambia uzoee fimbo na usipige magoti tena, hata kanisani ukae tu. Ukamwitikia kwa adabu. Tulipofika nyumbani ukasema, "Nitakaa siku zote, isipokuwa siku moja."

Wote tuliijua siku hiyo. Mdogo wangu Sixbert alikuwa seminarini. Padre mpya akishapewa daraja, baraka yake ya kwanza huwapa wazazi wake, nao huipokea wamepiga magoti. Ulitaka kupiga magoti mbele ya mwanao na kuinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Hukuomba zaidi ya hapo, ila kwa hali uliyokuwa nayo, ilikuwa kama kuiomba milima ya Matogoro isogee kidogo.

Kiinua mgongo chako ulikinunulia televisheni na deki, vyote vya mitumba. Mama alitaka bati za jiko la nje, na hadi leo akinyeshewa humo hulikumbusha jambo hilo. Ndiyo miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa, na kila mtu alikuwa na kitu anauza. Dereva mwenzako wa zamani, Mzee Sefu wa Nalasi, alikuwa amefungua kibanda cha kanda za video Tunduru mjini, akiwauzia wachimba vito. Akaja Songea na kanda moja, jaladani kuna mtu amerusha mguu hewani.

"Wallahi, Hironimus, hii ni ngumi mwanzo mwisho," akaapa.

Jumapili hiyo baada ya misa sebule ilijaa majirani. Kanda ikaanza. Akatokea mama wa Kizungu, amevaa nguo nyeusi za kubana, miguu mitupu, ameshika mgongo wa kiti, anakunja magoti polepole na kuyanyoosha. Watu wakaanza kuguna.

"Tulieni," akasema Mzee Sefu. "Anapasha misuli moto. Ngumi zinakuja."

Tulizingoja ngumi dakika arobaini. Yule mama aliponyanyua mguu hadi usawa wa bega, Mzee Sefu aliruka kitini: "Mmeliona? Teke hilo!" Mguu ukashuka taratibu, ukarudi mahali pake, na hakuna aliyepigwa. Mdogo wetu Careen, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyesoma maandishi na kutufumbua macho. Ni mazoezi ya baleti, ile ngoma ya Ulaya ya kusimamia ncha za vidole, yamerahisishwa ili mtu ayafanye nyumbani kwake. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, mbavu hawana. Wewe hukucheka. Ulikuwa bado unautazama mgongo wa yule mama.

"Huyu," ukasema, "springi zake nzima."

Kesho yake asubuhi tulikukuta na kaptula, umeshika kiti cha mninga. Kwanza ukaipiga miguu yake teke, mmoja mmoja, kama ulivyokuwa ukikagua tairi kabla ya safari. Kisha ukashuka kidogo sana, jasho likakutoka, ukapanda.

"Baba Leticia, funga hata dirisha," Mama alisema. "Watu wanapita."

"Wapite. Barabara ni ya wote."

Walipita, na walisema. Mzee wa miaka hamsini na nane, dereva wa malori, muumini wa kuheshimika parokiani, anacheza ngoma ya wanawake wa Kizungu! Sisi watoto tuliona haya, nisiseme uongo. Mimi nilikuja siku moja na mwalimu mwenzangu, tukakuona dirishani, nikamwambia unatengeneza kiti. Samahani, Baba. Nilipaswa kumwambia, yule ni baba yangu, anajiandaa.

Kiingereza cha kwenye kanda hukukihitaji. Uliona kwamba miguu inasimamishwa kwa namna tano, ukasema basi ni gia. Visigino pamoja na vidole nje, gia ya kwanza. Miguu imeachana, ya pili. Ya tano hukuifikia kamwe, ukatueleza kwamba barabara zetu haziiruhusu. Iliyokukasirisha ni ya nne, ile ya mguu mmoja kutangulia mwingine. Kila ukishuka nayo, kupanda kulikushinda.

"Hakuna dereva duniani anayeondoa lori lenye mzigo kwa gia ya nne," ulilalamika.

Sixbert alikuwa likizo siku hiyo. Alikutazama kwa muda, akasema, "Baba, mtu akiinuka kutoka magotini hutanguliza mguu mmoja. Ni hiyo hiyo ya nne. Ndiyo itakayokuinua."

Ukamjibu kwamba frateri asifundishe madereva. Lakini kuanzia kesho yake ulianza na ya nne kabla hata ya chai.

Ulifanya hivyo zaidi ya miaka miwili, kwenye baridi ya Juni, kwenye masika, umeme ukiwepo na usipokuwepo. Fimbo ya daktari ikawa ya kufukuzia kuku. Siku moja Mama akainama kukufunga viatu akakuta umeshafunga. Alikaa chini palepale akalia, na wewe ukajifanya unatafuta soksi.

Halafu, miezi mitano kabla ya upadrisho, deki ikaimeza kanda. Tuliitoa imevutika kama mlenda, nami nikahangaika nayo kwa penseli hadi mchana, bila mafanikio. Ulikuwa bado unayumba kwenye ya nne, na bila sauti ya yule Mzungu ya kuhesabu ulikuwa unaharakisha na kuanguka. Kwa siku tatu hukukishika kiti. Siku ya nne asubuhi ilisikika sauti kutoka jikoni, juu ya sufuria ya uji: "Wan, tu, thrii, shuka. Wan, tu, thrii, panda."

Ilikuwa ya Mama. Miaka yote ile aliyokuwa akigomba habari za dirisha, alikuwa ameikariri kanda nzima kwa masikio. Kuanzia siku hiyo ukawa unahesabiwa na mkeo, na alikuwa mkali kuliko yule Mzungu.

Siku yenyewe ikafika, Julai 1998. Kanisa Kuu lilifurika hadi nje. Katekista Urban, kwa nia njema kabisa, alikuwa amekuwekea kiti mbele.

"Mzee wangu, baraka utaipokea umekaa. Mungu anaangalia moyo, haangalii magoti."

"Moyo ataangalia Mungu," ukamjibu. "Magoti ataangalia mwanangu." Na kiti ukakisogeza kando kwa mkono mmoja.

Ulishuka vizuri, Baba. Mgongo ulinyooka, taratibu, kama ulivyofundishwa. Mama akapiga magoti ubavuni kwako. Padre Sixbert akawawekea mikono iliyokuwa bado inanukia mafuta matakatifu, akawabariki. Kisha ukataka kuinuka, ukakwama.

Tuliona bega lako linatetemeka. Ukanyanyuka kidogo, ukarudi. Katekista akanyoosha mkono, ukautikisia kichwa. Mimi nikajikuta nimeliminya benchi hadi vidole vinauma. Nilisema moyoni, Mungu wangu, usimwaibishe, amefanya kazi.

Padre akainama. Sisi wa benchi la kwanza tulimsikia.

"Ya nne, Baba."

Ukatanguliza mguu wa kulia. Na Mama, bado yuko magotini, macho ameyafumba kama anayesali, akanong'ona: "Wan, tu, thrii."

Ukapanda. Hukushika kiti, hukushika mkono wa mtu. Ukasimama wima mbele ya mwanao, mrefu kuliko tulivyokukumbuka, kisha wewe ndiye ukampa Mama mkono akainuka. Ukavibusu viganja vya Sixbert, ukamwambia, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre." Yeye akawa anafuta machozi. Kanisa zima likamjibia: "Milele, amina!" Vigelegele vilivyofuata hatujavisikia tena Songea.

Baada ya siku hiyo hakuna aliyetucheka. Wastaafu wenzako walianza kuja Jumamosi, sita au saba, wakajipanga uani wameshika uzio, wewe ukiwatajia gia na Mama akihesabu. Hata Mzee Sefu alijitokeza, akidai kwamba tangu mwanzo alijua anachokuletea. Jirani yetu Rupert, aliyekuwa akiongoza wachekaji wa dirishani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia kama gia ya pili inasaidia nyonga.

Baba, tunajivunia korosho zote ulizofikisha, na mtoto wa Mama Biasha, na heshima uliyotuachia barabara nzima kuanzia hapa hadi Nalasi. Lakini zaidi tunajivunia kwamba uzeeni, ulipoambiwa ukae, ulikubali kuchekwa ili usimame. Siku hizi nikiulizwa na walimu wenzangu picha iliyo ukutani juu ya kiti chako ni ya nani, huwaambia wakae kwanza, maana hadithi ni ndefu.

Misa ya kumbukumbu yako itaadhimishwa na Padre Sixbert Jumamosi, Agosti 12, 2000, saa moja asubuhi, Kanisa Kuu. Baadaye wote mnakaribishwa uji nyumbani Bombambili. Kiti kitakuwa uani, na Mama atahesabu kwa atakayetaka.

Unakumbukwa na mkeo Kunegunda, watoto wako Leticia, Padre Sixbert na Careen, mkweo Remmy, mjukuu wako Aurelia, aliyejifunza kusimama kwa kukishika kiti hicho hicho, dada yako Asumpta, Mzee Sefu wa Nalasi na madereva wenzako wote, na Mama Biasha wa Namasakata, ambaye ametutumia salamu kwamba yuko njiani.

Daima tutakukumbuka, Baba. Jumamosi tutapiga magoti na kuinuka, na hakuna hata mmoja wetu atakayeshika benchi.